Hodi Shimoni

"Pokea taratibu, shem. Ndoo imejaa mpaka masikioni."

"Ndoo haina masikio."

"Hii inayo," Domo akasema. "Na inasikia unavyoisema."

Akavuta kamba. Ndoo ikapanda ikiyumba, ikadondosha matone mazito, ikatua ukingoni mwa shimo. Baba Mapacha akaibeba na kuimwaga kwenye pipa lililofungwa juu ya mkokoteni. Kisha ndoo tupu ikashuka tena gizani.

Ilikuwa asubuhi laini. Jua lilikuwa bado halijapata nguvu. Hapo uani, nyuma ya nyumba ya wageni, dobi alikuwa akianika mashuka meupe. Upepo ulipoyapuliza yalijaa, yakainuka, yakashuka polepole, kama kitu kinachopumua usingizini. Ukiyatazama sana unasahau uko wapi. Baba Mapacha alipenda kuyatazama. Kazi yake ilikuwa kutapisha mashimo ya vyoo, na mtu wa kazi hiyo hutafuta kitu cheupe cha kupumzishia macho.

Alifanya kazi pamoja na Domo, mdogo wa mkewe. Jina la Domo alipewa na watu, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Hata akiwa peke yake aliongea. Kama hana wa kuongea naye, aliongea na mkokoteni.

Ndoo ikapanda tena. Safari hii ilikuwa nyepesi.

"Maji yamekwisha, shem," Domo akasema. "Chini limebaki tope. Limeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Ndoo inaligonga tu, ko, ko, ko."

Baba Mapacha akachukua mti mrefu, akaanza kulikoroga lile tope. Mapovu makubwa yakapanda, yakapasuka. Harufu ikatoka kama kofi. Dobi akajifunika pua kwa shuka lililokuwa bado bichi.

"Nyie watu! Mashuka yangu!"

"Usijali, dada!" Domo akajibu. "Mgeni akilalia hayo leo, hakuna mwizi atakayemwibia shuka!"

Dobi akacheka, akatukana kidogo, akacheka tena.

Baba Mapacha hakucheka. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya kazi iliyotaka utulivu. Akapiga magoti ukingoni, akainamisha uso juu ya mdomo wa shimo, akasema kwa sauti ya chini:

"Hodi."

Hiyo ilikuwa desturi yao. Watapishaji wote wa mtaa ule waliifuata. Waliirithi kwa waliowatangulia, nao kwa waliowatangulia wao. Shimoni huingii kama ng'ombe anavyoingia zizini. Unapiga hodi, unangoja. Kwanza harufu inakuchoma mpaka machozi yanakutoka. Hapo shimo bado linakataa. Lakini ukivumilia, inafika dakika harufu inapotea ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Hapo watapishaji husema, shimo limekaribisha. Hapo ndipo mtu anashuka.

Baba Mapacha akavuta hewa. Akavuta tena. Hakusikia harufu yoyote.

"Limekaribisha?" Domo akauliza.

"Limekaribisha."

Akafunga kitambaa puani, akachukua sepetu, akateremsha ngazi. Akaanza kushuka.

Kwanza macho yalimwasha. Halafu kichwa kikawa kizito. Halafu, jambo la ajabu, akasikia raha. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Sauti ya Domo ilikwenda mbali, ikawa kama sauti ya redio kwa jirani. Akaona yale mashuka meupe yameingia shimoni, yanamzunguka, yanapumua. Nyuma ya mashuka alikuwapo mama yake, aliyefariki zamani. Alikuwa anafagia uwanja. Shwaa, shwaa, shwaa. Mama akaegemeza ufagio, akamtazama.

"Mwanangu, umechoka," mama akasema. "Kaa basi."

Baba Mapacha alitaka sana kukaa.

Huko juu, Domo aliona mkono wa shemeji yake unalegea kwenye ngazi.

"Shem?"

Kimya.

"Shem, acha utani. Mtani hapa ni mimi."

Kichwa cha Baba Mapacha kikainama, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Domo akatia mguu mmoja shimoni. Akatafuta ngazi kwa unyayo ili ashuke. Dobi aliuona uso wake, akatupa shuka, akakimbia, akamkamata shati.

"Unakwenda wapi?"

"Anazama!"

"Mshike kutoka huku! Lala chini umshike!"

Ilikuwa bahati. Baba Mapacha alikuwa hajashuka mbali. Domo akalala kifudifudi, akakishika kiwiko. Dobi akaishika kola. Wakavuta kama watu wanaong'oa kisiki. Wakamtoa, wakamburuta mpaka kwenye upepo, wakamlaza.

Baada ya muda akafumbua macho. Yalikuwa mekundu kama makaa. Akawatazama mmoja mmoja, amekasirika kidogo.

"Mbona mmeniamsha?" akauliza.

*

Alirudi nyumbani ameshikiliwa, anayumba kama mlevi. Mama Mapacha alikuwa anachambua mboga kizingitini. Alisimama, bakuli likaanguka.

"Amekuwaje?"

"Njaa tu, dada," Domo akasema upesi. "Alishuka na tumbo tupu. Shimo halitaki tumbo tupu. Kesho atapumzika, nitashuka mimi. Nitakula kwanza mpaka nishibe."

"Ni njaa?" Mama Mapacha alimuuliza mumewe.

"Nilisinzia," akajibu Baba Mapacha. Alisema kwa upole, kama mtu anayesimulia safari nzuri. "Nilimwona mama."

Mama Mapacha hakuuliza tena. Alizunguka ukuta mpaka kwa jirani. Jirani huyo alikuwa Bibi Afya. Alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia. Kila siku alipita nyumba kwa nyumba, akiangalia vyoo, visima na mitungi ya maji. Watoto walimkimbia kwa sababu aliwakagua kucha. Alikuja na mikono ina povu la sabuni, akamwinua Baba Mapacha kope.

"Alilala shimoni?"

"Kidogo tu," Domo akasema.

"Shimoni hakuna kulala kidogo. Twendeni zahanati. Sasa hivi."

"Lakini Bibi Afya, mtu mwenyewe anatembea..."

"Domo, funga domo. Mshike upande ule."

Zahanati walimpa hewa ya mtungi. Daktari alimsikiliza mapafu, akaagiza akae pale chini ya uangalizi. Alasiri ilipofika alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha. Kichwa kilimuuma, lakini maneno yake yalikuwa yamekaa sawa. Jua liliingia kwa pembe na kulala sakafuni. Mama Mapacha alikaa miguuni pake. Bibi Afya alikaa kwenye kiti. Domo alisimama mlangoni, kwa sababu muuguzi alimwomba, kwa adabu, asisogee karibu na wagonjwa wengine.

"Haya," akasema Bibi Afya. "Niambie mlivyofanya. Usiruke kitu."

Baba Mapacha akasimulia. Akaeleza ndoo, tope, mti wa kukorogea. Akaeleza hodi. Bibi Afya hakumcheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukipiga hodi kwa mtu," akauliza, "nani anasema karibu?"

"Mwenye nyumba."

"Na shimoni mwenye nyumba ni nani?"

Baba Mapacha akafikiri. "Hakuna."

"Basi hiyo karibu mnajijibu wenyewe."

"Hapana, Bibi Afya. Hatujibu sisi. Harufu yenyewe inaondoka. Nimeisikia kwa pua yangu."

Bibi Afya akamgeukia Mama Mapacha. "Hebu tusaidie. Mumeo ananuka?"

Mama Mapacha akaziba mdomo kwa kanga. "Niseme?"

"Sema."

"Ananuka, Bibi Afya. Tangu juzi."

"Mimi?" Baba Mapacha akashtuka.

"Wewe. Na huyu mdogo wangu pale mlangoni ndiyo usiseme."

Baba Mapacha akanusa mkono wake. Akanusa bega. Hakusikia kitu. Akanusa tena, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na kukuta mfuko mtupu.

"Unaona?" Bibi Afya akasema. "Pua ikikaa na harufu huizoea. Hilo ni la kila mtu, wala si aibu. Lakini la shimoni ni baya zaidi. Kwenye uchafu uliooza kuna gesi. Inanuka kama mayai viza. Ikiwa kidogo, unaisikia. Ikizidi, inaipiga pua ganzi. Kama vile jino linavyotiwa ganzi kwa daktari. Pua haisikii tena, lakini gesi ipo palepale, tena nyingi kuliko mwanzo. Mnaposema limekaribisha, ndipo shimo limejaa sumu."

Nje, mtu alikuwa anapampu maji.

"Na tope ulilolikoroga," akaendelea, "limeifungia gesi hiyo ndani, kama soda kwenye chupa. Ukikoroga, inatoka yote kwa mara moja. Wewe ulikoroga, halafu ukaifuata."

"Nilijifunga kitambaa."

"Kitambaa kinazuia vumbi. Gesi inapita kama maji kwenye chujio."

"Lakini nilisikia raha, Bibi Afya. Mtu akidhurika husikia maumivu. Mimi sikusikia maumivu."

"Ndiyo maana inaua watu wazima wenye akili zao," akasema Bibi Afya polepole. "Ingekuwa inauma, ungekimbia. Inakulaza. Mtu anapoteza fahamu amesimama, anaanguka kwenye tope, basi."

Baba Mapacha akatazama dirishani. Ile ndoto bado ilikuwa karibu, ufagio bado ulikuwa unasikika kwa mbali. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba kitu kitamu namna ile kilitaka kumuua.

Domo akakohoa mlangoni. "Sawa. Basi mimi nikishuka, sitakaa sana. Nitashuka, nitachota, nitapanda. Fyu!"

"Hata fyu moja inatosha kukuua," akasema Bibi Afya. "Ikiwa gesi ni nyingi, pumzi moja au mbili tu. Na sikieni hili, ndilo kubwa. Shimo moja likiua, mara nyingi linatoa maiti zaidi ya moja. Wa kwanza anauawa na gesi. Wa pili anaona mwenzake ameanguka, anaruka kumwokoa. Huyo wa pili anauawa na upendo wake."

Mama Mapacha akageuka kumtazama ndugu yake.

"Wewe ulifanya nini aliposinzia?"

Domo akatazama sakafu.

"Nakuuliza, mdogo wangu."

"Nilitia mguu, dada. Dobi akanishika shati."

"Asingekushika?"

"Ningeshuka. Ningefanyaje? Ni shemeji yangu. Ningerudi kwako nikwambie nini?"

Mama Mapacha hakulia. Alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Mumewe na mdogo wake. Shimo moja, asubuhi moja, watu wanacheka na kuanika mashuka. Baba Mapacha aliiona ile mikono inayokunja na kukunjua. Hapo ndipo ndoto ilipomwachia. Ufagio ukanyamaza.

"Sishuki tena," akasema. "Na wewe Domo hushuki."

"Na tope litatokaje? Kwa maombi?"

"Ndiyo nauliza na mimi," Baba Mapacha akasema, akamgeukia Bibi Afya. "Tutakula nini? Kazi ni hii."

"Sijasema muache kazi. Mtaa huu bila nyinyi utazama. Nimesema mtu asiingie. Tope linalainishwa kwa maji mengi, linakorogwa kwa mti mrefu, huku nyinyi mmesimama upande upepo unakotokea, mkiwa mbali na mdomo wa shimo. Kisha linanyonywa kwa pampu ya mkono. Kuna kikundi cha watapishaji mtaa wa pili, wanayo. Nitakwenda nanyi kuwaomba. Mifuniko yote inafunguliwa mapema, hewa ipite. Lakini hata ikipita kutwa nzima, hamuingii. Sigara na moto visikaribie, kwa sababu ipo gesi nyingine humo inayowaka. Na mwenzako akianguka, huruki. Unapiga kelele, unaita watu wa zimamoto wenye mitungi ya hewa. Ukiweza kumfikia kwa kamba au mkono ukiwa nje, unavuta. Huwezi, unangoja."

"Kungoja ni kugumu," Domo akasema.

"Ni kugumu kuliko kuruka. Najua."

Kabla hawajaondoka, muuguzi aliwachoma sindano ya kinga ya pepopunda, na ya kwanza ya kukinga homa ya ini. Watu wa kazi ile hukatwa na vipande vya chupa na nyembe zinazotupwa chooni. Domo alifumba macho na kumshika dada yake mkono.

"Shimo huliogopi, unaogopa sindano?" muuguzi akamtania.

"Shimo halinifuati na pamba, dada."

*

Baba Mapacha alipumzika mpaka daktari akamruhusu. Asubuhi waliyorudi kwenye nyumba ya wageni, palikuwa na ukungu. Walitokea uani polepole, kwanza mkokoteni, halafu pampu ndefu imelala juu yake, halafu wao wawili ndani ya mabuti na glavu nene za mpira. Dobi aliwaona akadhani ni wageni.

Wakafungua mifuniko. Wakakaa mbali, upepo ukivuma kutoka nyuma yao. Hawakupiga hodi.

Meneja wa nyumba ya wageni alitoka na kikombe mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Usingizi wake ulikuwa umeharibika, kwa sababu choo kimoja tu kilikuwa kinafanya kazi na wageni walipanga foleni kuanzia alfajiri, wakimlaumu yeye.

"Mbona mmekaa?" akauliza. "Ngazi iko wapi?"

"Ngazi tumeiacha nyumbani," akasema Baba Mapacha. "Mke wangu anaanikia nguo."

"Sasa bila ngazi mtaingiaje?"

"Hatuingii."

Meneja akacheka, akidhani ni utani wa Domo umeambukiza. Kisha akaona si utani. "Ndugu yangu, wengine wanaingia. Kazi hii kwao ni ya kutwa moja. Nikiwaita watakuja."

Kazi ilikuwa ya shida kupata, Baba Mapacha alilijua hilo. Aliwajua watu ambao Meneja angewaita. Aliwajua watoto wao.

"Waite," akasema. "Lakini wakija nitawaambia lililonipata hapa. Na wewe nitakuonyesha nilipolazwa baada ya kutolewa shimoni. Pale, chini ya lile shuka la mwisho. Ningechelewa kidogo kuvutwa, leo shimo lako lingekuwa na polisi, siyo pampu."

"Wawili," dobi akasema kutoka kwenye kamba yake. "Wangekuwa wawili, bosi. Huyu mwenye mdomo nilimshika shati, mguu wake ukiwa ndani tayari."

Meneja akatazama mdomo wa shimo. Akatazama kikombe chake. Akamwaga chai yote chini, bila kujua kwamba anaimwaga.

"Mnataka nini?" akauliza.

"Maji. Mengi. Na sabuni, na mahali pa kuogea kabla hatujarudi nyumbani."

Meneja mwenyewe akaenda kuleta mpira wa maji.

Ikawa kazi ya polepole. Walimwaga maji, wakaliacha tope linywe. Walikoroga kwa mti mrefu, kisha wakarudi nyuma mapovu yakapasuka yenyewe. Harufu ilipokuja walirudi nyuma zaidi. Harufu ilipopotea, walirudi nyuma vilevile. Kisha Domo akapampu, chwa, chwa, na tope jeusi likatoka kwenye bomba kama nyoka mvivu, likaingia kwenye pipa. Domo aliipa pampu jina, akaigombeza, akaibembeleza. Kila pipa lililojaa walilifunga, wakalipeleka kwenye mabwawa ya maji taka ya mji, siyo mtaroni. Mchana hawakula kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka viwiko. Ukungu ulikuwa umeondoka zamani, lakini siku yenyewe ilibaki laini, kama iliyokuwa haitaki kufika jioni.

Ilipofika alasiri, Domo akachovya mti kupima.

"Bado, shem. Lipo tope la kutosha humo."

"Tuache hapo. Mikono imechoka, na mchovu hukosea."

Wakarudisha mifuniko. Wakazungushia kamba yenye vitambaa vyekundu, mtoto asisogee. Wakaosha pampu, wakaosha mabuti, wakayapindua kwenye vijiti yakauke. Wakaoga, wakavaa nguo safi, zile za kazi wakazifunga kwenye mfuko wake. Meneja alikuja kutazama. Hakufurahi, lakini hakugomba.

"Kesho?" akauliza.

"Kesho," akajibu Baba Mapacha.

Nyumbani, mapacha walimrukia baba yao, na safari hii hakuwakataza. Mama Mapacha alikuwa mlangoni. Alimtazama macho. Yalikuwa meupe. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa nyuma, anaongea peke yake.

"Mmemaliza?"

"Hapana," akasema Baba Mapacha. "Shimo limebaki nusu."

"Na nyinyi?"

"Sisi tumerudi wazima."